Gharama Yatima za Banda Langu

Jumatatu, baada ya alasiri. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, mchana jua likatoka kwa hasira, sasa hivi mawingu yamejikusanya upande wa Kaole na sijui yanangoja nini.

Niko peke yangu bandani. Sabuni mia mbili na arobaini ziko kwenye vibao zinakauka. Zinanukia vizuri, lakini hazisemi.

Leo nilitakiwa kuwaambia watu wawili wasije tena kazini. Nitaeleza ilivyokwenda, ila nianze na mwanangu, kwa sababu mimi kila kitu huanzia kwake.

Zuhura ni mhasibu wa kiwanda huko Dar es Salaam, kiwanda cha ndoo na mabeseni ya plastiki. Si mhasibu wa kukaa dirishani na kupokea hela, hapana. Kazi yake ni kugawa gharama. Mlinzi wa getini hakutengeneza ndoo hata moja. Kodi ya jengo haikutengeneza beseni. Taa za ofisini, mafuta ya jenereta, mshahara wa yule bwana anayezunguka tu kuangalia wenzake wakifanya kazi, vyote hivyo havina ndoo yao. Lakini lazima vilipwe. Sasa mwanangu ndiye anayekaa na kusema kila ndoo ibebe kiasi hiki, kila beseni libebe kiasi hiki. Ukinunua ndoo yao, ujue ile bei imepita mikononi mwa mtoto niliyemzaa mimi, hapa hapa Bagamoyo, baba yake akatangulia mbele ya haki mtoto yuko darasa la sita. Nimewaambia hivyo watu wa sokoni wote. Muuza vitunguu akiniona tu anauliza, "Ndoo zinaendeleaje?"

Huu ukurasa pia ni yeye aliyenifungulia, nitangaze bidhaa. Sabuni nimeitangaza mara mbili. Siku nyingine zote naandika ya moyoni. Zuhura hausomi, kazi zimemzidi, na hilo ndilo linalonipa ujasiri.

Mimi elimu yangu ni darasa la saba. Lakini nina kiwanda na mimi, msinione hivi. Ni banda la kupanga nyuma ya nyumba, lina jiko moja kubwa la kuni na vifuu, mashine ya kukunia nazi, meza mbili na vibao vya kuanikia. Natoa bidhaa mbili. Asubuhi tunapika mafuta ya nazi: tunakuna, tunakamua tui, tunalichemsha mpaka mafuta yanajitenga. Baada ya adhuhuri jiko linakuwa la sabuni ya mwani, na hiyo naitengeneza peke yangu mpaka karibu na magharibi.

Kwenye mafuta nina wenzangu wawili. Bi Tatu ni mkubwa wangu kidogo, tumecheza naye tukiwa wadogo, mdomo wake hauna kufuli. Mwanahamisi ni kijana, ana watoto watatu, ananiita shangazi ingawa hatuna udugu. Nawalipa kwa lita. Wakitoa lita nyingi wanapata nyingi, wakitoa chache wanapata chache.

Wanafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wanaondoka ikiadhiniwa adhuhuri. Hizo ndizo saa zangu za kusikia sauti ya mtu.

Sasa mwezi uliopita Zuhura aliniuliza kwenye simu, "Mama, sabuni moja inakugharimu shilingi ngapi?" Nikamtajia mwani, mafuta, magadi, karatasi ya kufungia. Akasema, "Na banda? Na umeme? Na kuni? Na mlinzi?" Nikamwambia hizo si za sabuni, hizo ni za banda. Akacheka. Akasema banda haliuzwi sokoni, kinachouzwa ni sabuni na mafuta, kwa hiyo hivyo viwili ndivyo vya kulibeba.

Yeye ana jina refu la kisomi kwa gharama hizo. Mimi naziita gharama yatima. Hazina mama wala baba, na kila yatima lazima apatiwe nyumba ya kukaa.

Kwa mwezi yatima wangu wote wanafika laki tatu. Zuhura akasema niwagawe kwa kuangalia jiko na banda vinatumiwa na nani kwa muda gani. Niandike kwenye daftari kila siku, kwa wiki mbili, yeye atakuja kupiga hesabu.

Nikaandika, wallahi. Nilijiona na mimi mhasibu. Nilichora mstari mmoja kila kipindi cha kazi kilipoisha. Kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, mstari mmoja wa mafuta. Adhuhuri mpaka alasiri, mstari mmoja wa sabuni. Alasiri mpaka nafunga, mstari mwingine wa sabuni. Sisi hapa siku tunaigawa hivyo, sikufikiria mara mbili. Mwisho nikajumlisha: mafuta mstari mmoja, sabuni miwili. Basi kwenye laki tatu mafuta yabebe laki moja, sabuni ibebe laki mbili. Kwa hesabu hiyo mafuta yalikuwa yananipa faida ya elfu arobaini kwa mwezi. Si nyingi, lakini ni faida. Nikamwambia Bi Tatu, "Mtoto wa nyoka." Akasema, "Nyoka ndiyo wewe?"

Jana Jumapili Zuhura akaja. Hajakanyaga hapa tangu Idi.

Nilipika kuku wa kupaka, nikapika wali, nikamtengea maembe. Alifika saa nne asubuhi akaondoka saa kumi jioni akikimbia foleni. Saa sita. Kwa kuwa nimeshazoea kugawa, nimezigawa: saa moja kula, nusu saa simu za kazini, saa nne daftari langu. Iliyobaki ni ile nusu saa aliyolala mapajani mwangu akidhani nimesinzia.

Kwenye daftari aliangalia mistari yangu, akageuza kurasa, akarudi nyuma.

"Mama, huu mstari mmoja ni saa ngapi?"

"Huo ni wa asubuhi mpaka adhuhuri."

"Na huu?"

"Adhuhuri mpaka alasiri. Si nimeandika hapo juu?"

Alicheka mpaka akajilaza kwenye jamvi. "Mama yangu mimi. Kutoka asubuhi mpaka adhuhuri ni saa sita. Kutoka adhuhuri mpaka alasiri ni tatu na kitu. Umezichorea mstari sawa?"

Nikalivuta daftari kwangu. Kisha nikamwambia nilijua, nilikuwa nampima yeye kama ataona. Akasema, "Haya, nimeona." Akanibusu kwenye paji la uso kama vile mimi ndiye mtoto.

Akaanza kupiga upya kwa saa. Siku yangu ya kazi ni saa kumi na mbili kamili, kama utaondoa kuswali na kula. Mafuta saa sita, sabuni saa sita. Nusu kwa nusu. Kwa hiyo laki tatu inagawanyika laki moja na nusu kila upande, na mafuta yanabebeshwa elfu hamsini zaidi. Ile faida ya elfu arobaini ikageuka hasara ya elfu kumi. Akanionyesha kwenye kompyuta yake, namba nyekundu.

"Mafuta yanakula jasho la sabuni, Mama. Acha kupika. Mafuta ya sabuni nunua kwa dumu, kuna watu Pangani wanauza bei nzuri. Ukibaki na sabuni tu, kuni zinapungua, na kazi ni nyepesi. Mtu mmoja anatosha."

Mtu mmoja anatosha.

Alisema kwa mapenzi, najua. Alikuwa anautazama mgongo wangu, si upweke wangu. Na ataujuaje? Kila akipiga simu namwambia hapa nyumbani hapakauki watu. Namwambia nashindwa hata kupumzika kwa wageni. Ndivyo ninavyosema kwake, kwa sababu sitaki akae kwenye ofisi yake ya kiyoyozi akinionea huruma. Kisha nakata simu, nakuta chai imepoa na kikombe ni kimoja.

Nikamwambia sawa, Jumatatu nitawaambia.

Na niungame hapa. Ule mstari wa asubuhi nilikuwa najua ni mrefu. Mtu aliyefunga Ramadhani miaka yote hii hawezi kusema hajui adhuhuri iko mbali. Kila nilipouchora, mkono ulikuwa mwepesi, nauchora haraka nafunika daftari. Moyo ulikuwa unajua mafuta hayatafaulu kwenye mtihani wa mwanangu, nikayapa majibu.

Leo basi wakaja saa ile ile. Mwanahamisi akaniamkia, shikamoo shangazi, nikaitika marahaba bila kumtazama. Bi Tatu akauliza mgeni alikula? Nikasema alikula. Akauliza alileta nini? Nikasema kompyuta. Akasema, "Hiyo haipikiki," akaenda kuwasha jiko.

Nilijipa ahadi nitawaambia wakimaliza kukuna. Wakamaliza. Nikasema wakimaliza kukamua. Wakakamua. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Kwa kawaida muda huo mimi nakaa meza ya nje nakata sabuni za wiki zilizopita na kuzifunga, nasikia tu maneno yao kupitia dirishani. Leo sikuweza kukata kitu. Nilikaa ndani karibu na mlango nikiitazama saa ya ukutani na kulitazama sufuria, kama polisi.

Ilipofika saa nne na nusu mafuta yakajitenga. Naijua ile sauti, inabadilika kutoka kububujika inakuwa kama mvua ya mbali. Yalikuwa safi, ya dhahabu, ya kuepuliwa saa hiyo hiyo.

Bi Tatu akainama chini ya meza, akatoa bakuli la tui lililofunikwa kwa kawa, akalimimina lote sufuriani. Sauti ikakatika. Mafuta yakarudi kuwa tui, na mapishi yakaanza upya.

Nikauliza, "Hilo bakuli lilikuwa la nini?"

Mwanahamisi akainamisha kichwa. Bi Tatu akaendelea kukoroga. "Umeanza kutuhesabia mabakuli?"

"Mafuta yalikuwa yameiva, Bi Tatu."

"Nayajua mafuta kuliko wewe."

"Sasa kwa nini usitie tui lote mara moja, mkamaliza, mkaenda majumbani kwenu?"

"Unatufukuza?"

Kweli hilo ndilo neno lililokuwa mdomoni mwangu. Machozi yakanitoka bila ruhusa. Nikawaambia yote, mistari, saa sita kwa sita, namba nyekundu, dumu la Pangani. Nikawaambia Zuhura amesema mtu mmoja anatosha.

Moto ukawa unalia peke yake.

Bi Tatu akaweka mwiko chini. "Mama Zuhura, wewe unatulipa kwa lita. Mtu wa lita akichelewesha lita anapata faida gani?"

Nikasema sijui.

"Basi uliza. Usikae na daftari."

Aliyenieleza ni Mwanahamisi. Anasema zamani walikuwa wanamaliza saa nne na nusu kila siku, wanaepua, wanachuja, wanaondoka. Ni kweli, nakumbuka. Siku moja, Zuhura akiwa hana hata mwezi tangu ahamie Dar, Mwanahamisi alisahau simu yake hapa dirishani. Wakarudi wote wawili kuifuata. Wakasikia naongea bandani, wakadhani nina mgeni, wakachungulia kimya kimya. Hakukuwa na mgeni. Nilikuwa nazigeuza sabuni kwenye vibao na kuziongelesha.

"Ulikuwa unaziambia daraja alilopata Zuhura kidato cha nne," akadakia Bi Tatu. "Somo moja moja. Nikamwambia Mwanahamisi, maskini hizi za kwenye vibao hazina hata miguu ya kukimbilia. Afadhali tumsikilize sisi."

Tokea siku hiyo wanaweka bakuli moja pembeni. Wanalimimina mafuta yakiiva, ili ifike adhuhuri. Kila siku ya Mungu, saa mbili nzima, bila malipo, na Mwanahamisi ana watoto watatu nyumbani.

Na mimi nilikuwa najisifu mtaani kwamba nimewapa wanawake wenzangu ajira.

Nilicheka na kulia kwa pamoja, nikatafuta leso sikuiona, nikajifuta kwa ncha ya mtandio. Bi Tatu akasema, "Kwa hiyo huruma yetu ndiyo iliyotaka kukuulia mafuta. Ungetufukuza kazi kwa kosa la kukupenda." Mwanahamisi akasema, "Shangazi, mwambie Zuhura asitukate, tutaacha bakuli." Bi Tatu akamwambia nyamaza, wewe mtoto, hapa hajakatwa mtu.

Wameondoka kwenye adhana, kama kawaida. Leo adhana ilinifikia vibaya.

Nimekaa na daftari tangu hapo. Sabuni ya leo sijaigusa. Nimepiga hesabu kwa njia ya mwanangu, saa kwa saa, na kila saa moja ya siku yangu ya kazi inabeba elfu ishirini na tano kwa mwezi. Mafuta yanahitaji saa nne, si sita. Saa nne ni laki moja. Kumbe mafuta yana faida yake ile ile ya elfu arobaini, hayamli mtu jasho. Sabuni saa sita, laki moja na nusu. Zimebaki saa mbili. Elfu hamsini.

Hizo ni za nani?

Nilitaka kuzirudisha kwenye mafuta, lakini mafuta hayakuzitumia. Kwenye sabuni, sabuni wala haikuwepo. Nimewatafutia hao yatima wa mwisho nyumba kila mahali, na kila nikigonga mlango nakuta ni wangu.

Nimemwandikia Zuhura ujumbe. Nimeuandika na kuufuta, nimeuandika na kuufuta. Mara ya kwanza niliweka majisifu mengi, kwamba mama yako amegundua kosa ambalo mhasibu mzima hakuliona. Nikafuta, ingawa ni kweli. Huu ndio niliotuma:

"Mwanangu, mafuta hayana hasara. Jiko kwa siku: sabuni saa sita, mafuta saa nne. Saa mbili ni zangu. Niandikie mimi hiyo elfu hamsini, usiiweke kwenye bidhaa."

Amejibu haraka, huenda yuko kwenye mapumziko ya chai. "Sijaelewa Mama. Saa mbili zako za kufanya nini?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Nimezaa, nimezika mume, nimesomesha mtoto kwa sabuni, lakini maneno manne yamenichukua muda wa kuchemsha chai na kuinywa yote.

"Za kukaa na watu."

Nimeona pale juu inaonyesha anaandika. Ikaacha. Anaandika. Ikaacha. Sasa ni muda umepita na hakijaja kitu. Sitaki nimwongezee neno. Nikiongeza nitaanza kusema hapa hapakauki watu, najijua.

Muda nao unakwenda, na sabuni inahitaji kukorogwa kabla ya magharibi.

Ila nimeamua jambo moja. Kesho nitakaa jikoni mwenyewe. Tui lote litatiwa kwa mara moja, hakuna bakuli la chini ya meza, mtu asiunguze kuni zangu wala muda wake kwa kunionea huruma. Mafuta yakijitenga nitaepua, nitatoa vinga jikoni nivizime kwa maji, na nitawalipa lita zao hapo hapo, saa nne na nusu, jua likiwa bado changa.

Halafu nitaweka birika la chai mezani na vikombe vitatu, nione nani atakaa.